Mashimo ya Kigong'ota

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi machimboni. Nikiulizwa nafanya nini, nitasema napima mashimo. Kila asubuhi natembea juu ya genge na futikamba yenye kipande cha chuma mwishoni. Nakiteremsha kwenye kila shimo lililochorongwa kwa mashine jana yake, nasubiri kigote, nasoma namba, naandika kwenye daftari. Shimo linatakiwa liwe na mita kumi na mbili. Yakitimia ya kutosha, fundi baruti anayajaza, king'ora kinalia, jiwe linaporomoka, na kesho yake magari yanabeba.

Mjomba ndiye aliyenitafutia nafasi hii. Alimwambia Mama, "Anangoja matokeo ya mtihani. Kwani hawezi kungoja amesimama?"

Leo nimesema maneno manane kwa siku nzima. Manne kati ya hayo yalikuwa "shikamoo".

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kiraka cha bati jikoni kinavuja palepale. Mama ameweka beseni.

Alhamisi, 7 Machi

Mashine za kuchoronga ziko mbili, na kila moja ina jina la utani.

Ya Mjomba ni Kigong'ota. Ni ya zamani, nyepesi, rangi imebanduka. Nyundo yake iko juu, nje ya shimo, na inapiga kichwa cha fimbo ya chuma kama ndege anayetafuta mdudu kwenye mti. Fimbo moja ikizama, Mjomba anaunga nyingine, mpaka zinatimia nne, ndizo mita kumi na mbili. Ya pili ni Bwana Harusi. Ni mpya, nzito, inang'aa, na nyundo yake inashuka yenyewe shimoni pamoja na ncha. Anaiendesha kijana wanayemwita Kimya. Mashine yake waliipa jina hilo kwa sababu inakunywa dizeli kama bwana harusi anayelipiwa na wakwe, na haina haraka hata kidogo.

Mjomba hampendi Bwana Harusi. "Akinaswa chini anaacha nyundo nzima huko," aliniambia. "Mimi nikinaswa naacha fimbo moja, naenda zangu. Na maji yakijaa shimoni anakohoa kama mzee wa sigara."

Kimya alikuwa karibu, akisikia kila neno. Aliendelea kufuta vioo vya mashine yake.

Mstari wa mbele, ule ulio pembeni kabisa mwa genge, ni wa Kigong'ota peke yake. Bwana Harusi ni mzito mno kusogea pale, hasa ardhi ikiwa imelowa.

Jumapili, 10 Machi

Tumefua. Mjomba hana mke tangu shangazi alipofariki, kwa hiyo ovaroli zake huja kwetu. Mama alitoa kokoto mifukoni mwake, akazipanga kwenye ukingo wa karai.

"Ndugu yangu huyu anajenga nyumba kidogo kidogo," alisema. "Siku moja utasikia amehamia."

Tulicheka. Zilikuwa kumi na nne.

Jumatano, 13 Machi

Jambo ambalo silielewi. Mashimo ya Kimya yote ni mita kumi na mbili, au kumi na mbili na kidogo. Ya Mjomba, kwenye mstari wa mbele: kumi na mbili, kumi na mbili, saba, saba na nusu, kumi na mbili, saba na robo. Nilipima mara mbili. Nilipima mara ya tatu nimefumba macho, nikifikiri labda macho ndiyo yanayonidanganya.

Kwenye karatasi ya Mjomba, kila shimo limeandikwa fimbo nne.

Nimeandika nilichokipima. Tarakimu ya saba imekaa kama moja.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nilijifanya nasubiri mvua ipite, nikakaa karibu na Kigong'ota. Mjomba alipomaliza shimo la mwisho na kusogeza mashine, nilipima papo hapo. Mita kumi na mbili kamili. Nilifurahi kiasi kwamba nilimkaribisha chai kutoka chupa yangu. Alinitazama kidogo kabla ya kuipokea.

Ijumaa, 15 Machi

Shimo lilelile. Mita saba na nusu.

Jumamosi, 16 Machi

Wamelipua. Fundi baruti ni mwanamke mnene, mpole, wanamwita Mama Baruti. Alinisimamisha nyuma yake, mbali, akaniziba masikio kwa viganja vyake. Jiwe lilishuka taratibu kama mtu anayekalia kiti. Hakuna hata punje iliyovuka barabara kuja mtaani kwetu.

Lakini vumbi lilipotulia, chini ya genge vilibaki visiki vya mwamba ambavyo havikukatika. Msimamizi aliviangalia, akaniangalia mimi, akaangalia daftari.

Jumatatu, 18 Machi

Msimamizi aliniita ofisini. Nilisimama mlangoni mpaka aliponiambia kuwa kiti kile hakiumi.

"Binti, wewe unaandika vizuri," alisema. "Mvua zikiisha, mashine moja inabaki na mchorongaji mmoja anabaki. Wakubwa wanataka kujua uzuri na ubaya wa kila moja. Mjomba wako atasifia yake. Kimya hatasema lolote. Wewe niandikie unachokiona."

"Ndiyo, mzee."

"Na hayo mashimo mafupi. Visiki vile vimetokana nayo. Ama mtu anaandika fimbo asizozizamisha, ama kuna mtu anayeyafukia. Vyovyote iwavyo, nataka nimjue."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Mjomba ana miaka hamsini na sita. Akiondoka juu ya Kigong'ota, nani atampandisha juu ya mashine nyingine?

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Sikupima.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwona.

Nilifika mapema kuliko kawaida. Jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Kimya alikuwa amechuchumaa kwenye mstari wa mbele, kwenye mashimo ya Mjomba, na mkono wake ulikuwa juu ya mdomo wa shimo. Alihama kutoka shimo hadi shimo. Aliposikia buti zangu alisimama, akaweka kitu mfukoni.

"Umeamkaje, dada?" aliuliza.

"Salama."

Nilipima. La tatu: saba. La nne: saba na nusu.

Yeye ndiye anayefaidika Mjomba akionekana mwongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwalimu wetu alikuwa akituambia hivyo kila darasa lilipotulia kupita kiasi.

Ijumaa, 22 Machi

Ushahidi. Nilipaka udongo mzito kwenye kipande cha chuma kabla ya kukiteremsha. Kilipopanda, kilikuwa kimenasa kokoto mbili safi. Mashine ikichoronga inatoa unga laini kama sembe. Haitoi kokoto. Kwa hiyo si mvua iliyorudisha unga shimoni. Ni mkono wa mtu.

Nilimweleza Mjomba wakati wa kula. Nilidhani atakasirika.

"Achana na mashimo," alisema. "Pima, andika, nenda nyumbani."

"Lakini Mjomba, wanakuharibia kazi."

"Nani kakwambia imeharibika?"

Mtu mzima akidhulumiwa huona aibu kusema. Nimeamua nitamsemea mimi.

Jumatatu, 25 Machi

Kusema siwezi, lakini kuandika naweza. Nimeacha barua juu ya meza ya Msimamizi. Nimeeleza kokoto, jua la Alhamisi, Kimya kuchuchumaa, kitu mfukoni. Nimeandika jina langu chini. Kisha nimekimbia kama aliyeiba.

Jumanne, 26 Machi

Kimya ameambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Mashimo yote ya mstari wa mbele yamepulizwa kwa hewa ya kompresa. Kokoto ziliruka juu kama bisi. Sasa kila moja lina mita kumi na mbili, na Msimamizi amepanga kulipua Jumanne ijayo.

Nilitegemea Mjomba angefurahi. Alisimama kando ya kompresa, kofia mkononi, akitazama kokoto zikiruka. Sijawahi kumwona na uso ule, isipokuwa kwenye mazishi ya shangazi.

Kimya alipita kwangu akiwa na mfuko wake begani. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunitukana. Alitoa mfukoni kioo, kipande cha kioo cha pembeni cha gari, chenye ufa katikati.

"Barua yako nimeisoma, mdogo wangu. Umeandika vizuri," alisema. Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. "Jua likitoka, kamata mwanga, uuelekeze shimoni. Anza na la kwanza. Halafu tazama la tatu."

"Kuna nini la tatu?"

"Mimi nikisema, nitakuwa namsema mzee aliyenifundisha kazi. Tazama mwenyewe."

Jumatano, 27 Machi

Mawingu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Beseni la jikoni limejaa mara mbili.

Ijumaa, 29 Machi

Mawingu. Nimekaa na kioo mfukoni siku nzima, na nimejikata kidole.

Jumamosi, 30 Machi

Jua limetoka saa nne, likakaa kwa dakika kama ishirini.

Shimo la kwanza: nilikamata mwanga, nikaushusha. Ulikwenda mpaka chini, na chini kabisa niliona maji yakimeremeta kama shilingi. La pili vilevile. La tatu: mwanga ulishuka, ukagonga ukuta wa shimo, ukaishia hapo. Chini yake kulikuwa giza. Niligeuza kioo kila namna. Shimo limepinda. Linapinda kama kwenye mita saba, na linaelekea nje, upande wa genge.

La nne, vilevile. La sita. Kwenye la saba na la nane wingu dogo lilipita, sikuona kitu. La tisa. La kumi nilikuwa nalianza jua lilipozama winguni.

Nilimkuta Mama Baruti anakula, nikamuuliza kama swali la shuleni: shimo likipinda kuelekea nje, kuna ubaya gani?

"Ubaya?" Aliweka kijiko chini. "Mwanangu, kule mbele ninategemea ukuta wa mwamba wa mita tatu uishike baruti yangu. Shimo likipinda, huko chini ukuta unaweza kubaki nusu mita. Baruti haipasui tena, inafyatua. Jiwe linatoka kama limetumwa. Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu."

"Fimbo ndefu zinazopigwa kutoka juu zinayumba, zikikuta mpasuko zinaufuata. Kwa mita tano au sita Kigong'ota hana mpinzani. Zaidi ya hapo, Mungu tu. Ila namwamini mjomba wako. Tangu mwaka jana hajawahi kunipa shimo baya."

Tangu mwaka jana.

Jumapili, 31 Machi

Tumefua. Ovaroli za Mjomba hazikuwa na kokoto hata moja.

"Amemaliza nyumba yake," Mama alisema.

Nilibaki nimeshika mfuko uliopinduliwa. Kisha nilitazama juu, kwenye kiraka cha bati. Nilikuwa nakijua, kama kila mtu mtaani anavyokijua: mwaka jana, siku ya kulipua, jiwe lilivuka barabara likatoboa paa letu, likavunja pipa la maji. Mama alikuwa nje anaanika. Nilimuuliza nani alipiga kiraka.

"Mjomba wako. Alikuja na bati na misumari siku ileile, hata sikumwita. Alikuwa analia, mwanaume mzima. Nikamwambia pipa ni pipa tu."

Alipokuja kula mchana, nilimngojea anawe mikono. Mama alikuwa uani.

"Mjomba, ni wewe unayeweka kokoto."

Alinawa polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nani mwingine anajua?"

"Kimya. Lakini hakusema."

"Kimya nimemfundisha vizuri." Alikaa. "Nikiona fimbo zinavutia upande, najua limepinda. Mkono unajua. Basi naliziba mpaka pale lilipoanza kupinda, baruti isifike kule. Vinabaki visiki, ndiyo. Kisiki hakimuui mtu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mashine yangu inapinda mashimo? Siku hiyohiyo Kigong'ota anauzwa chuma chakavu, na mimi naongezwa juu ya mzani. Mwaka jana lile jiwe walisema ni bahati mbaya. Mimi nikajua lilikotoka, nikajiambia halitatoka tena. Na halijatoka tena. Mpaka binti yangu mwenye mwandiko mzuri alipoandika barua."

Nilimpa kitambaa afute mikono.

"Kesho nitayaziba tena kabla ya wao kujaza," alisema. "Niachie mimi, mama. Usiandike kitu."

Nikamwambia sawa.

Jumatatu, 1 Aprili

Msimamizi ameweka mlinzi juu ya genge. Hakuna anayeruhusiwa kukaribia mstari wa mbele ila Mama Baruti na mimi na futikamba yangu. "Safari hii hakuna mtu atakayechezea mashimo yangu," alisema.

Nilijaza kokoto mifukoni. Mlinzi alinisachi, akacheka. "Binti, unaenda kucheza kete?" Akazimwaga.

Mjomba alizunguka chini ya genge mpaka jioni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakwenda ofisini. Nilikuwa nikimtazama. Kila alipoufikia mlango wa ofisi, aligeuka.

Jumanne, 2 Aprili

Naandika haya usiku huu.

Asubuhi, kabla sijatoka, nilimwambia Mama aende kwa rafiki yake upande wa pili wa mji. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. "Kama hakuna, nina nguo za kuanika," alisema, na akatabasamu kwa sababu jua halikuwepo.

Jua halikuwepo. Mbingu ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Mama Baruti alianza na shimo la kwanza, na wasaidizi wake wakimimina baruti. Msimamizi alisimama na daftari langu. Mjomba alisimama hatua kumi nyuma, kofia kichwani, mikono mgongoni. Nilimtazama. Nilisema moyoni: sasa atasema. Walipofika la pili nikasema: sasa. Hakusema. Alikuwa akitazama upande wa barabara, kule yalipo mapaa yetu, na midomo yake ilikuwa ikitikisika bila sauti. Mama Baruti akainua mfuko wa kwanza juu ya shimo la tatu.

"Msilijaze hilo," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu haijazoea kutoka.

"Msilijaze hilo. Limepinda."

Wote waligeuka. Msimamizi alisema, "Nani kasema limepinda?"

"Mimi, mzee. La tatu, la nne, la sita na la tisa. Kuanzia mita saba yanaelekea nje."

"Umejuaje?"

Nikatoa kioo. Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu, kwa sababu nilikinyanyua juu na hakikuwa na kitu cha kukamata. Kiliakisi mawingu na uso wangu wenye ufa katikati. Mmoja wa wasaidizi alicheka. "Anajipodoa," alisema.

"Binti," Msimamizi alisema taratibu, "wiki iliyopita uliniandikia kwamba Kimya anafukia mashimo. Nikamsimamisha mtu kazi kwa barua yako. Leo unaniambia mashimo yamepinda. Kesho utaniambia nini?"

"Nilikosea kuhusu Kimya. Alikuwa anatazama tu."

"Basi nani aliyefukia?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limesimama hatua kumi nyuma yangu. Lilikuwa ndilo lililonibeba mgongoni nilipoumwa surua, ndilo lililolipia sare yangu. Nilifungua mdomo, na namshukuru Mungu sitajua kamwe kama lingetoka.

Mjomba alipita pembeni yangu bila kunitazama. Alichukua chokaa ya kuwekea alama kwenye ndoo ya Mama Baruti, akainama kwenye shimo la tatu, akachora msalaba juu ya jiwe. Akachora la nne. Akaruka la tano, akachora la sita. Magoti yake yalilia kila alipoinama. La saba nalo akalichora. La nane. La tisa. La kumi.

Mimi nilikuwa nimehesabu manne. Yalikuwa saba.

"Nimefukia mimi," alimwambia Msimamizi. "Tangu mwaka jana. Mtoto amesema kweli, na hata hajayajua yote."

Mama Baruti aliweka mfuko chini kwa uangalifu sana, kama mtu anayelaza mtoto. "Na wewe mzee ulikuwa unangoja nini?" alimuuliza. Hakupiga kelele. Mjomba alirudisha chokaa ndooni.

Waliyajaza yale saba kokoto mpaka juu. Saa nane king'ora kililia. Jiwe lilishuka nusu, likabaki limesimama vibaya, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna kilichovuka barabara. Nilikwenda nyumbani mbio. Mama alikuwa anaanika.

Jumatano, 3 Aprili

Mjomba amepewa barua ya onyo na wiki mbili nyumbani. Kimya ameitwa. Nilimngojea getini tangu asubuhi nikiwa nimekariri maneno ya kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kioo changu unacho?" aliuliza.

Nikasema ninacho.

"Basi kaa nacho."

Jumapili, 7 Aprili

Mjomba hakuja kula. Ovaroli hazikuletwa. Mama hajaniuliza, na mimi najua kwamba anajua.

Nimejiuliza kila siku: kama ningenyamaza, angesema? Wakati mwingine namwona akifungua mdomo kwenye shimo la tatu. Wakati mwingine namwona akitazama mapaa mpaka mwisho.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemkabidhi Msimamizi taarifa. Nimeandika kwamba Kigong'ota ni mwepesi, anapanda pasipopandika, ana kasi, na shimo la mita tano analimaliza kabla Bwana Harusi hajawasha kompresa yake. Lakini asipewe la kumi na mbili, kwa sababu fimbo zake zitafuata mpasuko. Kwamba Bwana Harusi ananyoosha shimo kama uzi wa fundi, lakini ni mzito pembeni mwa genge, anakabwa na maji, anakunywa sana, na akinaswa anapoteza nyundo nzima. Kwamba mstari wa mbele ungoje ardhi ikauke. Kwamba ziko kazi mbili hapa, na kila mashine inaweza moja. Mwishoni nimeandika kwamba shimo lolote lisijazwe kabla ya kutazamwa kwa kioo, siku ya jua.

Msimamizi alisoma mara mbili. "Na mchorongaji?" aliuliza. "Uzuri na ubaya wake?"

Nikamwambia, "Huyo ni mjomba wangu, mzee. Muulize Kimya."

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua zinaelekea kuisha. Beseni lilikuwa kavu asubuhi.

Mjomba amerudi. Amepewa mashimo mafupi, ya kupasulia mawe makubwa chini ya genge. Nilikuwa juu napima alipopanda ngazi ya mawe akihema, ndevu zimemwota mashavu yote mawili. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona hajanyoa.

Alisimama karibu nami, akatazama kioo cha Kimya mkononi mwangu.

"Hicho kina ufa," alisema. "Kitakuonyesha shimo lililonyooka kuwa limepinda, umpe mtu lawama bure."

Akaingiza mkono mfukoni. Nilisikia mfuko hauna kokoto. Akatoa kioo chake cha kunyolea, kile cha duara chenye fremu ya bati, akakifuta kwenye shati, akanipa.

"Jua ndilo hilo," alisema. "Tazama la kwanza. Mimi nitasubiri hapa."